Bi Kabari na Mlango wa Chuma

Wasikilizaji wapendwa, kama una watoto karibu na redio, usiwafukuze. Waache wasikie. Marehemu mwenyewe angekugombeza ukiwatoa, na ulimi wake mnaujua.

Bi Kabari ametutoka. Fundi cherehani, mama wa vidole vinane. Watoto wengi wanamjua kupitia kile kitabu cha wanawake waliopigania haki zao, kilichoandikwa na mwalimu, binti wa kaka yake. Leo nawaambia vile vidole viwili vilikwenda wapi.

Alishona sare katika kiwanda chenye mlango mmoja tu, wa chuma. Msimamizi aliufunga kwa nje kila asubuhi, wanawake wakiwa ndani. Hata haja ndogo, jamani, mtu mzima aliiombea ruhusa dirishani! Siku moja ya joto kali, shoga yake mpiga pasi, mjamzito, akaanguka. Wenzake wakaugonga mlango kwa mikasi mpaka msimamizi akafungua. Unajua alifanya nini? Alimzaba mgonjwa kofi.

"Inuka, acha kudeka!"

Kisha akageuka atoke, afunge. Bi Kabari akapachika mkono kwenye fremu.

"Leo hufungi."

Akafunga. Mkono uko palepale, akafunga kwa nguvu zake zote. Akafungua, akaubamiza tena, vidole viwili vikakatika. Wasikilizaji, mkono haukutoka! Damu ikalowesha sare zilizokwisha kunyooshwa, lakini komeo halikushika. Ndipo akapewa jina hilo la Kabari, kama kile kipande cha mti kinachozuia mlango usifunge.

Walinzi wakaja na virungu. Waliwapiga wanawake vichwani, wakawavunja mikono waliyojikingia. Yule mpiga pasi walimpiga mateke akiwa chini. Alikufa kizingitini, yeye na mimba yake, mlango ukiwa wazi. Narudia, maana wengi hamkuambiwa: mpiga pasi alikufa pale mlangoni. Wenzake wakauzunguka mwili wake, wakakataa kugusa cherehani mpaka mwenye kiwanda alipokuja kung'oa komeo mbele ya macho yao. Mlango ule haukufungwa tena kwa nje.

Sasa, mwalimu alipoandika kitabu, aliwaonea watoto huruma. Kwenye picha, Bi Kabari amesimama mlangoni anatabasamu, vidole kumi. Mpiga pasi hayumo kabisa. Shangazi mtu alikuwa kitandani wakati huo, figo zimemshinda. Alipoonyeshwa kitabu, alikirusha ukutani.

"Huyu nani? Na shoga yangu yuko wapi?"

"Shangazi, watoto wataogopa."

"Na waogope! Mimi niliogopa hadi nikajikojolea. Hilo umeliandika?"

Mwalimu akainama kukiokota kitabu.

"Kaandike upya. Nikifa hujamaliza, msinizike. Niacheni hapahapa sebuleni, niwazibie njia."

Ndiyo, alitania hivyo akiwa amevimba miguu. Lakini mwalimu alijua hatanii. Alikimbizana na ugonjwa ule. Mchapishaji alimwambia kitabu chenye maiti hakuna mzazi atakayekinunua. Mwalimu, mpole yule, akapiga meza ya watu. "Basi nirudishieni kazi yangu!" Wakachapisha, shingo upande.

Akakipeleka kitabu kitandani. Macho ya shangazi yalikuwa yamefifia, akakisogeza mpaka puani. Akaona damu. Akaona mkono wake, ulivyo. Akamwona mpiga pasi amelala kizingitini, akampapasa kwa vidole vilivyobaki.

"Mbona umemkondesha? Alikuwa bonge la mtu huyu, na mwenyewe akijisifia!"

Akacheka. Kisha akalia kama mtoto, akaomba asomewe ukurasa ule tena. Mwalimu anasema alimsomea mpaka sauti ikamkauka, na alipoinua macho, shangazi yake alikuwa amekwisha kwenda. Nami, wenzangu, nililia aliponisimulia. Sioni aibu.

Mwalimu, wewe na ukoo wote, poleni sana. Mmezika mtu. Na ninyi ndugu wa mpiga pasi, popote mlipo: miaka yote hii hakuna redio iliyowahi kuwapa pole. Poleni. Tumechelewa mno, poleni.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa kazini, juu ya cherehani, jikoni, ghalani, sikutaki ukae ukitafakari. Inuka sasa hivi. Nenda kajaribu mlango.