Kompyuta Kumi na Mbili za Nyarusanga na Mwenzetu Dainess

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa mfuko uliotupatia kompyuta. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: wakubwa wote shikamooni.

KUKARIBISHA

Sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne tunaosoma somo la kompyuta tunakukaribisha tena hapa shuleni kwetu, Mwandiga. Mara ya mwisho ulikata utepe, tukakuimbia, ukaondoka kabla umeme haujarudi. Leo umeme upo, kwa hiyo tutazungumza vizuri.

HISTORIA FUPI

Miaka miwili iliyopita ulitukabidhi kompyuta kumi na mbili. Risala ya siku ile ilisema, "Kompyuta zote zinafanya kazi vizuri." Iliandikwa zikiwa bado kwenye maboksi, maana hapa shukrani huandikwa mapema ili ofisi ya Mkuu ipate kuzipitia. Mgeni rasmi, tulikudanganya bila kujua.

Zilipowashwa hazikuwa na mfumo endeshi. Mwalimu Castory alijaribu kuweka mfumo mpya kwa flashi, ukakataa. Memori ni ndogo. Akaweka wa zamani. Huo ulikubali, ila haukuitambua kadi ya mtandao. Ilitakiwa draiva, ile programu ndogo ya kuitambulisha kadi kwa kompyuta, na draiva yenyewe inapatikana mtandaoni. Tulicheka siku ya kwanza tu.

Tukaomba fundi kutoka wilayani. Jibu lilikuja kwa simu: "Nyie si mlisema zinafanya kazi? Risala yenu ninayo hapa mezani."

MAFANIKIO

Tunalo moja, nalo ni kazi ya mwenzetu Dainess Yona. Alikwenda steshenari, akapakua draiva tatu, zote zikagoma. Ikabidi isomwe namba iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, ndani ya kompyuta. Lakini kila kompyuta ina stika ya mfuko wako inayosema ni marufuku kufungua. Mwalimu aliuandikia mfuko barua kuomba ruhusa, tukasubiri wiki tisa bila jibu.

Dainess akamwambia, "Sasa mwalimu, na mtihani nao utatusubiri?" Akachukua bisibisi, akabandua stika, akaisoma namba. Draiva ya nne ikakubali. Kisha akahamisha memori za kompyuta sita akaziongeza kwenye sita nyingine, na mfumo mpya ukaingia bila shida. Tangu siku hiyo tunasoma kwa zamu, watano watano, na tunaelewa.

CHANGAMOTO

Katika nakala iliyopitiwa, hapa tumeandikiwa tusome habari za upungufu wa viti. Tumekaa chini tangu Kidato cha Kwanza. Viti vinaweza kungoja.

Dainess amesimamishwa shule kwa kuharibu mali ya mfadhili. Leo ni siku ya kumi na saba. Yuko kwao Gungu anamsaidia mama yake kumenya mihogo, na mtihani wa vitendo ni Jumatatu. Kompyuta sita alizozifufua zimepangwa mbele ili uzione. Sita nyingine zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, nasi tumeonywa tusivifunue. Hili limetuuma sana. Tunaona aibu kukuonesha kazi ya mtu aliyesimamishwa kwa sababu ya kuifanya.

MAOMBI

Hatuombi kompyuta nyingine. Stika ni ya kwako, na ni wewe tu unayeweza kusema kwamba kuibandua hakukuwa kosa. Mkuu wa Shule alitamka mbele ya wazazi, nao wapo hapa: "Mfadhili akiridhia kwa maandishi, mtoto atarudi darasani."

Maandishi tumeyaandaa. Ni ukurasa wa mwisho wa risala hii, mistari minne, na kinachokosekana ni sahihi yako. Kalamu tumeibana hapo hapo. Tunaomba utusamehe, hatutarudi kukaa mpaka umalize kuusoma.

Mungu akujalie safari njema na mkono mwepesi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Somo la Kompyuta, Kidato cha Nne,
Shule ya Sekondari Nyarusanga.

Imesomwa na Marsiana Telesphory, kwa niaba ya kiranja wetu wa somo, Dainess Yona, ambaye haruhusiwi kuvuka geti.