Mwezi wa Kufunga Pochi

Sogeeni, wanangu, msikae mlangoni kama wageni. Nigeuzeni kidogo, hivyo... hapana, nirudisheni. Kitanda kinanichoma, au ni haya niliyoyameza miaka yote. Basi nisikilizeni kabla pumzi haijanisaliti.

Wewe binti yangu mkubwa, ada yako ya chuo cha ukunga haikuibwa. Siku ile nilitoka kazini, kule tulikokuwa tukifulia mashuka ya hospitali, bahasha nimeifutika kifuani niende kukulipia, nikapita dukani nikaona seti ya vyombo vya kaure vyenye mistari ya dhahabu, muuzaji akaniambia, "Mama, kesho hukuti kitu," nami niliyezoea kunywea chai kwenye kikombe cha bati nikaifungua bahasha. Nyumbani nikasema fedha zimechukuliwa. Mkaniuliza na nani, nikamtazama mjomba wenu, fundi mwashi, aliyekuwa akilala sebuleni kwetu kwa kukosa kazi, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamhukumu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na sita.

Hakugombana. Alitia vifaa vyake guniani, na barabarani akaniambia, "Dada, lile boksi la vyombo nimeliona chini ya kitanda chako. Sitasema. Ila nifanyie jambo moja: mwezi mzima usinunue kitu, isipokuwa chakula, dawa na nauli."

Nilikubali kwa aibu. Wiki ya kwanza viganja viliniwasha, nikawa napita nyuma ya soko kama anayekwepa mdai. Kila nilichokitamani nilikiandika kwenye karatasi, nikajiambia nitakirudia mwezi ukiisha, na ulipoisha nikaisoma orodha nikacheka peke yangu: hata vibanio vya nywele, mimi niliyenyoa kipara! Tangu hapo, kila miezi miwili ikipita, wa tatu nafunga pochi, na kwa akiba ya miezi hiyo ndipo mliposoma nyinyi wadogo, na nyumba hii ikaezekwa. Lakini mkubwa alikuwa ameshaanza kufagia ofisi za watu. Usiniambie yamepita, mwanangu. Hayajapita. Hata vyombo vyenyewe havijawahi kuonja chai, viuzeni.

Maji... asante. Nyumba ni yenu nyote, ila chumba cha mbele ni cha mkubwa, na asiulizwe. Msininunulie jeneza la fahari, na miezi mitatu msiguse akiba, maana mwenye msiba ni mteja mwepesi. Nawe kitindamimba, unayebonyeza simu vitu vikaletwa mlangoni, funga pochi kuanzia kesho. Kikulacho ki nguoni mwako. Kisha nendeni kwa mjomba wenu, kwa miguu yenu, mkamwambie mbele ya wanawe kwamba dada yake alimsingizia.

Mungu awape... awape subira niliyoikosa mimi, na riziki isiyowakimbiza. Sioni vizuri sasa. Mkono huu ni wa nani? Mkubwa? Sema, mama... Basi, hata usiposema. Usiutoe tu.