Imelda Nikodemo, Aliyeamkia Mara Mbili (1955–1997)

Kila asubuhi, akiteremka bondeni na jembe begani, marehemu alisimama mbele ya nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Abrahamu, akasema, "Shikamoo, baba." Alikwenda hatua chache, akageuka, akaamkia tena. Ndani hakuitika mtu. Majirani walicheka.

Imelda Nikodemo alizaliwa Malindi, Lushoto, tarehe 14 Machi 1955. Alimaliza darasa la saba mwaka 1969, kisha masista wa Kifungilo wakamfundisha kufuma. Sweta lake la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alilivaa miaka yote, akisema huo mrefu ni wa baridi ya Julai.

Tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na Lucian Abrahamu. Alilima kabichi na karoti, na biashara huria iliporuhusiwa, malori ya Dar es Salaam yakaanza kupanda kutafuta mboga, yeye ndiye aliyewasemea wanawake wenzake kwa wanunuzi. Hakupunjwa mtu.

Ugonjwa ulianza mwaka 1987. Hakuanguka wala kutoa povu, ndiyo maana hakuna aliyeuita kifafa. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha macho yakaganda, akatafunatafuna mdomo mtupu huku akichezea pindo la kanga. Baada ya muda mfupi alirudiwa na fahamu, asikumbuke kitu. Siku moja hali hiyo ilimpata marehemu huku Mzee Abrahamu amesimama mbele yake akingoja shikamoo. Hakuipata. Akaita kikao cha ukoo.

"Amenitazama huku anacheua kama mbuzi," alisema. "Basi na alipe mbuzi."

Kikao kizima kilicheka. Mbuzi alilipwa, akaliwa, na wengi waliosimama kwenye kaburi hili walitafuna nyama yake. Marehemu aliomba radhi kwa kosa asilolikumbuka. Mara nyingine hali hiyo ilipomjia, walimkaba na kumtia kijiko kinywani, wakamvunja jino.

Mwaka 1992 daktari mmoja wa Tanga alieleza kwamba kile kilikuwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Hakikuwa dharau wala pepo, na hakiambukizi. Mgonjwa asikabwe, asitiwe kitu kinywani. Kisu na moto viondolewe karibu naye, na mtu akae akimsemesha taratibu mpaka arudi. Marehemu alimeza vidonge vyake bila kukosa, na hali ile ikawa ya nadra. Lucian alikwenda kumweleza baba yake.

"Mshambaa hufundishwa adabu na mama yake," mzee alijibu, "si na daktari."

Marehemu alifariki tarehe 6 Julai 1997 kwa homa ya mapafu. Ukoo uliomba neno kifafa lisisomwe leo. Limesomwa, na habari ya mbuzi pia.

Ameacha mume, Lucian. Watoto wawili, Kristofa na Yunis. Na baba mkwe, aliyeketi kiti cha mbele. Mungu ampe utulivu ambao hapa alinyimwa.

Mwaka jana Yunis, alipokuja likizo kutoka shule ya sekondari, alimwuliza mama yake swali moja tu: kwa nini humwamkia mara mbili mtu asiyemwitikia hata mara moja?

"Kwa sababu sijui kama ile ya kwanza niliisema," alijibu marehemu.