Jackson Mutuma na Pikipiki ya Baba Yake

Jackson Mutuma M'Mwongera alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, nyumbani Kianjai, Tigania Magharibi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Silas M'Mwongera na Mama Winrose. Mkubwa wake ni Mithika, na anayemfuata ni Kiende, anayesoma maneno haya.

Mutuma alikuwa mtu wa wivu. Hili linatajwa mapema kwa sababu yeye mwenyewe alimwagiza mkewe akiwa kitandani: "Wasije wakasoma kwamba nilikuwa mpole kwa kila mtu. Watu watacheka mbele ya jeneza." Hakuwa na wivu wa mali ya majirani wala wa vyeo. Alikuwa na wivu wa kitu kimoja, na kitu hicho mmekipita pale mlangoni mkiingia: pikipiki ya rangi ya samawati, aina ya Yamaha, ya mwaka 1983.

Mzee Silas alikuwa afisa wa mifugo. Kwa pikipiki hiyo alipanda na kushuka vilima vya Tigania akitibu ng'ombe, na watu walimjua kwa mlio kabla hawajamwona. Kila Jumamosi iliegeshwa kando ya tangi la maji ikaoshwa. Mwoshaji alikuwa Mutuma, tangu alipokuwa darasa la tano. Baba alikaa kwenye kigoda akimwonyesha: hapa paka grisi, hapa usimwage maji, hii nati usiikaze kupita kiasi. Walizungumza mengi wawili hao, na mengine hayakuhusu pikipiki.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya kanisa pale Kianjai na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986. Aliendelea na shule ya upili ya kutwa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990. Alipenda sana kemia. Mwaka 1993 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya upili mtaani Kaaga, mjini Meru, na hapo alihudumu mpaka ugonjwa ulipomwondoa. Waliofanya kazi naye wanasema hakuna chupa iliyowahi kukaa rafuni bila kubandikwa jina la kilichomo, na mwalimu aliyeazima kichomeo cha bunseni bila kumwambia alifuatwa hadi chumba cha walimu.

Mzee Silas alistaafu, na mwezi Aprili 1996 akaita familia. Baada ya chakula alitoa ufunguo wa pikipiki mfukoni na kumpa Mithika, kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Mutuma alitoka nje. Mama alimkuta kando ya tangi la maji ameshika kitambaa cha kuoshea.

"Mama, huyo hajui hata oili inatiwa wapi," alisema.

"Atajifunza."

"Na mimi?"

"Wewe ulishajifunza," Mama alimjibu. Aliyasema kumfariji, lakini Mutuma aliyachukulia kama chumvi kwenye kidonda.

Mithika alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Embu, na pikipiki ikaenda naye. Huko ndiko alikofahamiana na binti wa kanisani kwao, Felicitas Wamuyu, mzaliwa wa Runyenjes, akaona angemfaa ndugu yake. Akampandisha nyuma ya Yamaha na kumleta hadi kwa shangazi yao hapo Embu, ambako Mutuma alikuwa akingoja amevaa tai. Mutuma alimpenda Felicitas mara moja, lakini neno la kwanza alilomwambia Mithika halikuwa la shukrani. "Umempandisha kabla yangu," alisema. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997 katika kanisa la Kimethodisti, na Mungu akawajalia Maxine, na baadaye Mwongera, aliyechukua jina la babu yake. Mara kwa mara Mutuma alimuuliza mkewe barabara ya siku ile ilikuwaje. Felicitas alimjibu kila mara, "Ilikuwa na vumbi, baba Maxine. Tulale."

Mwaka 1999 pikipiki iligoma kabisa. Mithika akaisukuma nyuma ya nyumba yake mtaani Dallas, hapo Embu, chini ya mabati, na ikakaa huko. Kuku walitaga juu ya kiti. Kila Mutuma alipokwenda Embu alizunguka nyuma kuitazama kabla hata ya kunywa chai, na kila mara aliiomba. Mithika alimjibu, "Ni ya baba, haitoki hapa." Mzee Silas alifariki mwaka 2006 ikiwa bado kule. Mutuma alirudi kutoka Embu mwaka huo akasema hawezi kula yai lolote la nyumba ile.

Agosti 2018 Mithika alitaka kujenga ukuta, akapiga simu: "Njoo uchukue hiki chuma, kinanizibia nafasi." Mutuma alifika siku hiyohiyo na pikapu ya kukodi, kabla ndugu yake hajabadilisha nia.

Nyumbani kwake Kaaga, Mutuma alikuwa na banda la mbao kando ya nyumba, akaligeuza gereji. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila kubisha hodi. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Alimimina dizeli ndani, akaacha, akamimina tena, na kila jioni akitoka kazini aliigusa kiki kwa mguu aone kama imelegea. Gasketi alizikata mwenyewe kutoka kwa karatasi ngumu. Kabureta aliisafisha kwa brashi za maabara. Tangi la mafuta lilikuwa limeoza kwa ndani, kwa hiyo alilijaza kokoto na siki, akaliziba, akalipeleka Kianjai na kulifunga kwenye mkokoteni wa punda wa kubeba maji. Punda alizunguka nalo sokoni kutwa likipiga kelele, na watu wakauliza kama Mutuma ameanza kuuza njuga. Kutu yote ilitoka. Rangi ilimgombanisha na mpakaji, kwa kuwa ile ya dukani haikuwa samawati ya Mzee Silas. "Nimeiosha miaka yote," alimwambia. "Hii yako ni ya sare za shule." Ilichanganywa mara nne.

Felicitas alivumilia. Siku moja akina mama wa kanisa walimuuliza mumewe yuko wapi, naye akawajibu, "Yuko kwa mke mwenza. Mimi niko hapa na sufuria." Mutuma alipoambiwa alicheka, kisha akauliza kwa ukali ni nani kati yao aliyetaka kuingia gereji.

Pikipiki ilinguruma Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021. Abiria wake wa kwanza alikuwa Felicitas. Mutuma alimzungusha Kaaga yote, kisha akasimama akamuuliza: "Haya, kati ya hii na ile ya Embu?" Felicitas akasema hii. Mutuma hakuridhika mpaka aliposema mara ya pili.

Krismasi hiyo aliiendesha hadi Kianjai. Mithika alikuwa amekaa uani. Aliposikia mlio alisimama na kuvua kofia, kama vile Mzee Silas ndiye aliyekuwa akiingia. Aliizunguka pikipiki, kisha akasema, "Umefanya kazi nzuri. Sasa nitarudi nayo Embu."

"Kwenda kutagiwa mayai?" Mutuma akauliza.

"Baba alinipa mimi."

"Alikupa pikipiki. Wewe ulinipa chuma."

Ilibidi Mama Winrose aamue. Alitumia sheria ambayo mumewe aliitumia maisha yake yote kuamua kesi za ng'ombe: mtu akiweka ng'ombe wake kwa mwingine amtunze, ng'ombe hubaki wa mwenyewe na maziwa huwa ya anayemlisha. Kwa hiyo pikipiki ni ya Mithika, na kuiendesha ni kwa Mutuma.

"Lakini Mama," Mutuma akasema, "ng'ombe akizaa, mtunzaji hupewa ndama. Pikipiki haizai. Ndama wangu yuko wapi?"

"Ndama wako ni hayo maringo uliyoingia nayo kwa lango," Mama akamjibu.

Hukumu hiyo haikumpendeza yeyote. Tangu siku hiyo, kila Mithika alipokuja Kaaga, Mutuma alichomoa plagi ya injini, ambayo bila hiyo pikipiki haiwaki, na kutembea nayo mfukoni. Ndiyo sababu Jumapili moja, wakati wa sadaka, alitia mkono mfukoni akazama katika wimbo, na kilichoanguka ndani ya kikapu kikalia kama risasi. Shemasi alikiinua juu. "Wapendwa, hii ni sadaka ya nani?" Kutoka upande wa pili wa kanisa Mithika akasema kwa sauti, "Ni yangu!" Kanisa lilicheka hadi mchungaji akakaa chini. Mutuma hakucheka. Ndugu hao waliacha kupigiana simu karibu mwaka mzima.

Februari 2024 Mutuma alianza kupata shida ya kumeza, na madaktari wakagundua saratani ya koo. Alitibiwa mjini Meru. Alipokosa nguvu ya kwenda kwa miguu, Mithika alianza kuja na gari kutoka Embu kila wiki kumpeleka hospitalini. Njiani hawakuzungumza. Mutuma hakuwa na sauti nyingi, na aliyokuwa nayo hakutaka kuitumia kwa hilo.

Jumamosi moja ya Aprili mwaka huu alikuwa amelala chumbani aliposikia pikipiki ikiwaka gerejini. Mithika aliogopa injini isije ikashikana tena kwa kukaa, akaomba plagi kwa Felicitas, naye akampa. Mutuma alimwita mkewe.

"Anaikaba sana," alinong'ona. "Mwambie apunguze choki."

Felicitas alikwenda kusema, akarudi.

"Bado. Nitoeni nje."

Walimbeba na kumkalisha kwenye kiti mlangoni mwa gereji, na blanketi magotini. Mithika alizima injini. Alichota maji kwenye ndoo akaanza kuosha gurudumu. Mutuma alimtazama kwa muda.

"Hapo usimwage maji," alisema.

"Wapi?"

"Hapo. Chini ya tangi. Baba hakukuambia?"

Mithika alisimama na kitambaa mkononi. "Angeniambia lini, Mutuma? Baba alinipa ufunguo siku moja. Wewe alikupa Jumamosi zote. Mimi nilikuwa nakaa jikoni na Mama nikiwasikia mkicheka huku nje. Unafikiri kwa nini sikuitoa kule Dallas hata ilipokufa? Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wewe ulikitamani."

Mutuma aliuliza, "Ulikuwa unanionea wivu? Mimi?"

"Mpaka leo."

Felicitas anasema uso wa mumewe ulichanua kwa namna ambayo dawa hazikuweza kuufanya. Mutuma alimwonyesha ndugu yake mahali pa grisi, na mahali pasipotakiwa maji, na nati ya kutokaza kupita kiasi. Jumamosi zilizofuata zilikuwa hivyo, Mutuma kwenye kiti na Mithika na ndoo. Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, alfajiri, Mutuma alilala akiwa nyumbani Kaaga, na familia yake imemzunguka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mama yake, Winrose, mkewe, Felicitas, watoto wake, Maxine na Mwongera, ndugu yake Mithika na dada yake Kiende, wapwa, mashemeji na marafiki wengi. Kuhusu pikipiki aliacha neno: ng'ombe arudi kwa mwenyewe. Mithika amekataa kuipeleka Embu. Amesema itabaki gerejini Kaaga, na yeye atakuwa akija.

Leo ni Jumamosi. Kabla mwili haujatoka mochari, Mithika aliileta pikipiki Kianjai na kuiosha peke yake kando ya tangi la maji, pale pale palipokuwa na kigoda cha baba yao, na hakumwaga maji chini ya tangi la mafuta.

Mutuma, pumzika kwa amani ya Bwana. Zamu yako imeshikwa, na anayeishika bado anakuonea wivu.