Nakuletea, Dada

Benchi lipo nje ya duka la vifaa vya ofisi, mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Hapo ndipo Kipaza, muuza magazeti, na Spana, fundi baiskeli, humaliza birika la kahawa na kuumaliza ulimwengu. Mungu atusamehe, uongo wa benchi hilo ukipimwa kwa kilo, mizani itavunjika. Asubuhi hiyo hata mwenye duka, Bi Karatasi, alikuwa ametoka kuketi nao, maana roho haikumtulia. Ndani, fundi wa simu alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yake ya faksi. Tangu laini ya zamani ing'olewe na simu ihamishiwe kwenye intaneti, mashine ilikuwa ikilia kidogo tu na kunyamaza. Mwana wa Bi Karatasi alishatoa neno: isipotuma leo, inakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

— Karatasi inakanyagwa njiani, alisema Kipaza. Intaneti ina watu wengi mno.

— Ikanyagwe hewani? Inapanda juu kabisa, huko kuna baridi, wino unaganda. Ndiyo maana inatoka nyeupe!

— Basi waya upitishwe chini ya meza, Spana. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali zako kama breki za wateja wangu. Hazishiki popote.

Bi Karatasi akacheka bila kutaka. Zamani foleni ya faksi ilifika mpaka kwenye benchi hili. Kila alipotuma kwenye duka la vipuri la mji wa pili, alianza kwa kuongea: "Nakuletea, dada." Sauti ya mwanamke ikajibu, "Lete, dada." Mashine zikalia, karatasi ikapita, kisha sauti ileile, kwenye simu ileile: "Umefika, dada. Funika mashine yako, vumbi ni adui." Hawakuonana hata siku moja. Lakini alipofiwa na mumewe, ni sauti ile iliyomwombea mpaka mwisho, wateja wakisubiri.

Fundi akatoka akijifuta mikono.

— Mama, sauti ikipita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo vidogo. Kimoja kikipotea, sikio linajijazia lenyewe. Faksi haina subira hiyo. Ikikosa kipande, inasusa.

— Kama mke wangu, akasema Spana.

— Basi wataalamu wa nchi nyingi wakakaa, wakakubaliana utaratibu mmoja. Kifaa kikisikia mlio wa faksi, hakiuchukulii tena kama maongezi. Kinapitisha ukurasa papo hapo, na kila kipande kinabeba nakala ya mwenzake aliyetangulia, asije akapotea. Kwako utaratibu huo ulikuwa haujawashwa. Nimeuwasha.

— Kinambeba mwenzake, alirudia Bi Karatasi polepole.

— Ndiyo, mama. Haya, tujaribu kwa nani?

Spana akachungulia kikombe kana kwamba namba imo humo. Bi Karatasi alikuwa ameshaingia ndani. Vidole vyake viliikumbuka namba kabla yake. Simu ikaita kwenye spika mpaka Kipaza, aliyesimama mlangoni, akaanza kutikisa kichwa.

— Hallo? Ilikuwa sauti ya kijana.

— Mwanangu, namtafuta yule mama wa faksi.

— Mama yupi? Anaitwa nani?

Miaka yote ile, dada, dada. Hata kwenye sala zake Bi Karatasi alimtaja hivyohivyo, akiamini Mungu anamjua.

— Jina sikuwahi kumuuliza, Mungu anisamehe. Hapo kwenu kuna mashine ya faksi?

— Kuna dude limefunikwa kitambaa. Bibi hataki liguswe.

Bi Karatasi akaisogelea spika.

— Mwambie bibi hivi tu: nakuletea, dada.

Kwenye spika zikasikika ndala zikiburuzwa sakafuni, taratibu. Bi Karatasi akavuta karatasi nyeupe, akaandika jina lake kamili, na chini yake: "Na wewe, dada, unaitwa nani?" Hajaweka kalamu chini, ukaja ule mlio, mrefu, wa kukwaruza masikio, mtamu. Mashine ikaivuta karatasi, mstari kwa mstari, mpaka ikaisha.

Pale benchini Spana alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe. Halikutoa hata tone, wala yeye hakuona.

— Umefika, dada, ikasema sauti iliyozeeka. Ngoja kwanza nitafute kalamu.