Ombi la Mama Lilivyosomwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na mutu anayetetemeka kama mi. Siwezi kusimama mbele ya batu, ndiyo maana nimeandika.

Papa, baba yangu, alifanya kazi ya mine, mgodini, hapa Kolwezi mpaka kampuni ilipoanguka. Akaanza kuchimba kwa mikono kule kwenye machimbo ya Mashamba. Kisha wachimbaji wote wakafukuzwa, na tukasikia kwamba anayemficha mchimbaji kwake atapata taabu. Papa aliendelea kuingia kwa kujificha. Batoto tuko sita.

Mi nilikuwa nimejifunza kompyuta kanisani, nikatengeneza tovuti ya maombi. Kila muumini ana jina lake na neno lake la siri. Anaandika ombi, na pasta peke yake analisoma. Niliwaahidi hivyo akina mama. Mama yangu akaandika: Mungu, mulinde mume wangu mule shimoni, wasimukamate.

Mwenye parseli, kiwanja chenye nyumba tuliyopanga, anasali nasi. Aliingia vizuri kwa neno lake la siri, akafungua ombi lake, namba kumi na nne. Juu kwenye anwani ya ukurasa akafuta namba ile, akaandika kumi na tano, kujaribu tu. Ombi la Mama likafunguka, pamoja na jina lake. Asubuhi akaja mlangoni, hakukasirika hata. "Mama, nimesoma. Mi pia niko na batoto. Mutoke leo."

Ndugu zangu, ni mi niliyetufukuza! Tukahamia chumba cha nyuma ya kanisa. Mama hakuandika ombi lingine. Mi sikula, sikuomba tena. Nilisoma programu yangu mara mia: kila ukurasa ulimuuliza mutu kama ameingia kwa jina lake. Sikuona kosa.

Papa ndiye aliyenifungua macho. Nilimweleza, naye akaniambia:

"Wakati wa kampuni, ku barieri ya mine, pale mlangoni, balikuwa bananiuliza weye ni nani. Naonyesha karte yangu ya kazi, napita. Lakini ku stoo ya baruti, karte ile ile haitoshi. Kule kuko mutu na liste ya majina: huyu akamate baruti, huyu hapana. Weye uliweka barieri tu, mwanangu."

Nililia. Kisha nikaweka swali la pili kwenye kila ukurasa: ombi hili ni la nani, na huyu aliyeingia ana ruhusa ya kulisoma? Funguo zote za tovuti, hata zangu, nikampa pasta. Nikaingia kwa jina langu, nikaita namba kumi na tano. Ikanijibu: Huna ruhusa. Nikamshukuru Mungu kwa kukataliwa.

Papa hana kazi mpaka leo. Alizaliwa hapa, Kolwezi nzima inamjua, na bado hakuna mahali anaporuhusiwa kuchimba. Sina ushuhuda wa nyumba, ndugu zangu. Tungali nyuma ya kanisa, na mvua inaingia.

Lakini Jumapili Mama aliniomba simu. Akafungua tovuti ya maombi, akanigeuzia mgongo, akaandika kwa muda mrefu. Sijui aliandika nini, na asante Yesu kwamba sijui. Kama yeye ameweza kumwamini Mungu tena, na kuniamini mi pia, basi nawe unayeogopa, mwambie Mungu lile linalokulemea.