Mzee Andendekisye na Pikapu Iliyokataa Kupanda Mlima

Tarehe 30 Juni 1957 Mzee Andendekisye Mwaipungu, dereva na fundi wa chama chetu cha wakulima wa kahawa na pareto, atastaafu baada ya kutumika kwa miaka ishirini na miwili. Alianza mwaka 1935 kama mpakiaji wa magunia. Kwa kadiri ya kumbukumbu za ofisi, hakuna siku aliyochelewa kazini, isipokuwa mbili alizokwama kwenye matope ya Igawa masika ya mwaka 1948. Hata safari hiyo alirudi bila gunia moja kulowa, kwa sababu aliyafunika magunia kwa turubai lake la kulalia, yeye akanyeshewa. Mkewe, Mama Sekela, alimkaripia wiki nzima.

Wengi tunamjua kwa pikapu yetu ya mwaka 1939, ambayo huiamkia kila asubuhi kabla ya kuiwasha. Lakini wachache wanajua jinsi ilivyobaki kidogo tuwakose wote wawili. Mambo haya ameyasimulia mwenyewe, nami karani wa chama nimemsomea mara mbili ili nisikosee.

Mwezi Agosti 1953 pikapu ilianza kuzimika njiani, hasa kwenye milima. Msimamizi wa wakati ule alitoa amri: kama Jumamosi haitafika Iringa na mzigo kwa nguvu zake yenyewe, itakatwa vyuma chakavu, na dereva wake hatahitajika tena. Ilikuwa Jumatatu. Mzee aliomba aipeleke nyumbani kwake Igawilo, akakubaliwa.

Kwa siku tatu aliitengeneza uani. Alisafisha plagi, akafungua kabureta, akapuliza bomba la petroli kwa mdomo hadi midomo ikamwasha. Injini iliwaka vizuri, ikanguruma kwa muda wa kuchemsha maji ya chai, kisha ikafa. Kila ilipokufa alifungua tangi na kupima petroli kwa kijiti. Petroli ilikuwapo. Akifunga na kuwasha, inawaka tena. Basi akaamini kwamba injini imezeeka na inataka kupumzika. Fundi mwenzake, Yotamu, alimwambia kwamba hata wao wawili wanataka kupumzika, ila hakuna anayewafungulia tangi.

Kifuniko cha tangi kilikuwa kimeanguka njiani mwanzoni mwa mwezi ule. Mzee alikuwa ametengeneza kingine kama sisi sote tunavyoziba vibuyu: gunzi la mahindi, likaviringishwa kitambaa na kupakwa nta ya nyuki. Lilikaza vizuri sana. Alijivunia gunzi lile, kwa sababu halikuvujisha hata tone.

Jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, alikuwapo Ikupa, mke wa mwanawe Danieli. Wenzetu wa Iringa huenda hawajui kwamba kwa desturi ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Kwa hiyo Ikupa hakuiona pikapu siku zote tatu, aliisikia tu. Alisikia kwamba kila gunzi lilipong'olewa, tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyezibwa pua. Alhamisi jioni alimwambia mama mkwe wake, naye Mama Sekela akaenda uani na kuyafikisha maneno kama alivyopewa: "Kibuyu cha togwa ukikiziba mdomo wote kuzunguka mrija, utanyonya mara mbili tatu, kisha hakitoi kitu. Baba aache upenyo wa hewa."

Yotamu alicheka, akasema sasa jiko limekuwa karakana. Mzee hakucheka. Anasema aliona haya, kwa kuwa alikuwa amelifungua gunzi lile zaidi ya mara ishirini bila kulisikia. Aliomba msumari upashwe moto mekoni, akalitoboa katikati. Injini ilinguruma hadi Mama Sekela akaomba izimwe ili watu wasali na kula.

Jumamosi pikapu ilipita Chimala, Igawa na Makambako, ikapanda mlima wa Ipogolo na magunia yote. Ilipofika ghala letu la Mlandege, mjini Iringa, saa kumi alasiri, karani wa ghala, Liberatus, alitoka kuangalia nyuma yake, akauliza liko wapi gari lililoivuta. Amri ile ilifutwa. Mzee akaendelea nasi miaka minne, akafundisha madereva watatu, na pikapu bado inatembea.

Nilipomsomea haya juzi, aliniomba jambo moja tu. Alisema, "Karani, yule sijawahi kumshukuru kwa kinywa changu, wala sitaweza. Liandike jina lake, lisomwe mbele ya watu, na mwenyewe awepo."

Nimeliandika: Ikupa, mke wa Danieli. Siku ya sherehe ya kumuaga Mzee, ataketi nyuma pamoja na akina mama, na Mzee ataketi mbele, akiwa amempa kisogo kama desturi inavyotaka. Jina hili likisomwa, tunaombwa kwa heshima tuwapigie makofi wote wawili.

Mzee Andendekisye, asante kwa mizigo yote uliyotufikishia. Nenda salama Igawilo, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa uani kwako bila haraka.